Bastola Usimletee Mume Wangu

Mjukuu wangu Salum,

Nakusalimu kutoka mtaani kwetu Satwa, mimi na babu yako mpya, mume wangu wa wiki tatu! Leo kabla ya kwenda dukani kwake kushona kanichemshia chai ya hiliki, akaniita "mwanamwali wangu". Mimi, na miaka yangu hii sabini na miwili! Nimecheka mpaka machozi.

Umeniuliza kama umnunulie huko Uingereza zawadi ya harusi: bastola ya vita vya zamani, isiyofyatuka tena. Hapana, Salum!

Katika usichana wangu nilifanya kazi za ndani huko huko, kwa afisa mstaafu. Siku moja nikipanga droo yake nikakuta bastola imefungwa kwenye leso.

"Kumbukumbu ya vita, binti," akacheka. "Wengi tulirudi nazo nyumbani."

"Baba yangu naye aliwapigania, kule Burma. Alipomaliza mkamvua hata buti."

"Bunduki na buti vilikuwa mali ya jeshi."

"Na hii, sir?"

Akaifunga droo. "Niletee chai."

Chai! Mpaka leo damu inanichemka. Kumbe sheria ya mali ya jeshi ilikuwa kwa baba yangu tu, aliyetembea peku kutoka stesheni hadi kwa mama yake. Chai ile sikuipika.

Kama lazima zawadi iwe ya kijeshi, leta buti, mpya, za ngozi nzuri. Mpenzi wangu anavaa namba arobaini na mbili.

Bibi yako, bi harusi