Hadithi ya Mlimani Katika Banda la Tumbaku

Jumatatu, 9 Juni
Bandani tena tangu alfajiri. Majani yanapangwa asubuhi, yakiwa bado laini. Ya manjano huku, ya kahawia kule. Mama na Shangazi wanapanga, mimi nafunga mafungu. Kitabu nimekificha chini ya gunia. Ni cha watoto wa darasa la nne, nami niko kidato cha tatu. Kijiji cha hadithi kiko mlimani. Ukungu ukishuka, kila nyumba inagonga sufuria ili mtoto anayepeleka maziwa asipotee njia. Hakuna mtu mbaya hata mmoja. Nakipenda sana.

Jumanne, 10 Juni
Shangazi amenifuma.
"Unacheka na tumbaku, mwanangu?"
Nikamwonyesha kitabu.
"Basi soma kwa sauti. Mikono ndiyo inayofanya kazi, masikio yamekaa bure."
Nimesoma. Darasani sijawahi hata kunyoosha mkono. Sauti ilitetemeka ukurasa mzima, kisha ikatulia.

Alhamisi, 12 Juni
Sura tatu. Mtoto amekwama kwenye ukungu na sufuria hazisikiki. Mama amekaa na jani moja mkononi muda mrefu. Nimeona. Sikusema kitu, nilitaka kuendelea.

Jioni Baba amefunga mafungu yote kuwa robota moja la kuuza.

Jumamosi, 14 Juni
Baba amerudi kutoka ghala la kuuzia tumbaku, robota lake bado liko kwenye baiskeli. Mteuzi, yule anayekagua ubora wa tumbaku, alichomoa fungu la katikati, akakuta kahawia ndani ya manjano. Mbele ya foleni nzima akasema Baba ameficha majani mabaya. Hapa Goweko mtu akiambiwa hivyo ameitwa mwizi. Jumatatu jina lake linaandikwa kwenye orodha ya wadanganyifu.

Hakula. Hakuuliza nani alipanga. Mama alikuwa anaangalia vidole vyake.

Nimeogopa.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani watu wametusalimia kwa ufupi. Tulipofika nyumbani nimemwambia Baba kosa ni langu. Mama akadakia kwamba kosa ni lao, yeye na Shangazi, walikuwa wanasikiliza.
"Mlikuwa mnasikiliza nini?"
"Hadithi."
Baba akasema kesho nitakwenda naye ghalani, nimweleze mteuzi mwenyewe.

Jumatatu, 16 Juni
Nimesema.

Watu kama thelathini. Nilimwamkia mteuzi shikamoo, nikatazama viatu vyake, nikamweleza yote: kitabu, ukungu, Mama na jani lake. Foleni ilicheka. Mzee mmoja akasema, "Kumbe siku hizi tumbaku inasomewa." Mteuzi hakucheka. Aliuliza mtoto amekwama wapi. Nikamwambia, kwenye daraja, na kopo la maziwa. Akauliza kama alifika. Nikasema sijui, sura ya mwisho hatujaisoma.

Alifungua robota lote. Akawaonyesha watu kwamba hata manjano safi yamo ndani ya mafungu ya kahawia. "Anayeficha hapotezi majani yake mazuri," alisema. Hakuandika jina la Baba. Alituambia tukapange upya, turudi Ijumaa.

Njiani Baba alikokota baiskeli. Mimi nilishikilia robota kwa nyuma.

Jumatano, 18 Juni
Siku mbili tumepanga kimyakimya. Kitabu kiko ndani, juu ya kabati. Hakuna aliyekikataza. Hakuna aliyekitaja. Shangazi amejaribu kuimba, akaacha.

Leo kabla jua halijawa kali Baba ameingia bandani. Kupanga huwa hapangi, anasema macho yake ni ya shambani. Amevuta gunia, ameketi kati ya Mama na Shangazi, amechukua fungu.

Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Kakilete. Mikono yao nitaiangalia mimi."

Mama alitaka sura ya mwisho. Nimeanza ukurasa wa kwanza, kwa sababu Baba hakuusikia.