Ruhusa ya Kusalimia

Jumatatu, 2 Juni

Insha za Kidato cha Pili bado rundo. Nasahihishia barazani, ndani joto. Ng'ambo ya njia redio ya Mama Minza inasoma kitabu changu. Kila jioni sura moja, kesho yake mchana marudio. Msomaji ana sauti nzuri ila wanawake wote anawapa sauti ya kulia. Regina wangu halii hivyo. Regina ana hasira. Nusura nipige simu redioni niwaambie.

Leo wamefika pale Regina anapomwomba mumewe ruhusa ya kwenda kusalimia kwao. Mtoto mgongoni, kuku mkononi, kama mtu anayekwenda kusalimia kweli. Anafika Isaka, anapanda lori, harudi tena kupigwa. Mama Minza alikuwa anakaanga maandazi. Akasahau kuyageuza, yakaungua karai zima. Nilifurahi. Sijidanganyi, nilifurahi sana.

Jumatano, 4 Juni

Mume wangu, Baba Kabula, ametoka kwa kinyozi na nywele zake zote. Kinyozi kamuuliza mbele ya watu kama siku hizi ameacha. Ameacha nini? Kupiga mke. Mtaa wetu mzima wa Nyahanga wanadhani mume wa kitabuni ni yeye. Mtu ambaye kuku wa sikukuu anamwita jirani aje amchinje. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Alikula, akanawa, akasema wali ulikuwa mzuri. Kesho namnyoa mwenyewe.

Simu imejaa ujumbe wa wasomaji. Msichana wa Bukombe amemwekea dada yake kitabu chini ya mto. Mwingine anataka tu kujua kama Regina aliolewa tena. Mzee mmoja anasema nafundisha wake za watu ukaidi. Huo niliufuta, halafu nikajuta. Nilikuwa na jibu zuri.

Jumamosi, 7 Juni

Namba ngeni. Mwanamke wa Nyarugusu, anajiita Mama Limi. Ameanza na shikamoo. Kisha: "Mwalimu, njia yetu umeianika juani."

Anaeleza. Kule machimboni mwanamke akichoka kupigwa, anaomba kwenda kusalimia kwao. Anakaa mpaka uvimbe unashuka. Wengine wanarudi, wengine hawarudi. Hakuna mwanaume aliyewahi kukataa, maana kumkatalia mke kusalimia wazazi ni aibu. Sasa wanaume wamesikiliza redio. Mwanamke akiomba, wanamcheka: "Kusalimia kwa kawaida, au kwa kitabuni?" Mama yake Mama Limi yuko Ushirombo, ni mgonjwa kweli. Aliomba ruhusa akamwone. Mumewe akampiga, jino la mbele likatoka.

Kwanza nilikasirika. Anampiga mwingine, nalaumiwa mimi? Hasira ilidumu mpaka mchana. Baadaye imebaki hofu. Neno lile la kusalimia sikulibuni. Nililisikia mashineni, wanawake wakisubiri unga wao na kuongea chinichini. Nikaliona tamu. Nikalibeba nikalitia kitabuni, bila kufikiri kwa nini waliongea chinichini.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Baada ya misa wanawake wamenishika mikono, hongera, hongera. Nilitaka kukimbia.

Mama Minza akanivuta pembeni. Mama Limi ni mtoto wa kaka yake. Yeye ndiye aliyempa namba yangu. Anataka twende Nyarugusu tukamwombee ruhusa kiheshima, shangazi mtu amekuja kumchukua binti akamuuguze mama yake. Mwanaume atamkataliaje shangazi? Nikasema akinijua je. Akanishangaa. "Atakujuaje, Mwalimu? Redio haina sura."

Nimekubali. Naogopa, lakini nikikaa hapa naona aibu zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Nimerudi. Nywele zina vumbi, sijaoga, naandika kwanza.

Basi la Geita, tukashuka njiani, kisha bodaboda mpaka Nyarugusu. Baba Limi ana karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Nilitegemea jitu. Nimekuta kijana mtanashati, unga wa mawe kwenye nyusi, amempakata binti yake wa miaka miwili. Akainama kabisa, akatuamkia Kisukuma kama mama zake. "Mwangaluka, mayu." Akaagiza soda. Mama Minza akanitambulisha kuwa mwenzake wa kanisani. Mama Limi alipiga magoti kutusalimia, mkono mdomoni. Hakuutoa.

Mama Minza akaeleza vizuri, wifi yake amezidiwa, anamwita mwanawe. Baba Limi alisikiliza kwa adabu zote. Halafu akatazama simu yake, akazima mashine. "Mnisamehe, mayu. Marudio yanaanza. Hii siikosi." Wachimbaji wakaja wakakaa juu ya viroba. Wote kimya. Sijawahi kupata darasa kimya namna ile.

Ilikuwa sura ya kipigo. Regina yuko mbali tayari, anakumbuka. Baba Limi alitikisa kichwa mwanzo mpaka mwisho. Ilipoisha macho yake yalikuwa yanalengalenga machozi. "Yule mwanaume ni mnyama," akasema. "Mke mwema vile!" Na mkewe amekaa pale pale, mkono mdomoni.

Nilitamani kumpiga na chupa ya soda. Nikasema, kama wewe si mnyama, mruhusu mwenzako akamuuguze mama yake. Ilitoka kwa sauti ya darasani. Mama Minza akanifinya. Baba Limi akanitazama, kisha akacheka. "Mimi siyo kama yule, mayu. Aende tu, hata leo. Ila Limi anabaki na mimi. Yule wa kitabuni alikosea hapo tu, kumwachia mtoto." Wenzake wakapiga makofi.

Wahakiki wa mjini walisema kitabu changu hakina mafunzo. Huyu ameyapata.

Mama Limi akasema kwa upole kwamba basi, atakwenda siku nyingine.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepiga simu redioni wakisimamishe kitabu. Mtangazaji alidhani natania. Wasikilizaji wanataka sehemu ya pili, Regina alipokelewa na nani huko alikokwenda, alijificha mtaa gani. Nilikata simu. Nikapiga tena nikasema nasisitiza, nitawaandikia barua kali.

Baba Kabula alikuwa anasikiliza mlangoni. Nilimweleza yote, kwamba nikisimamisha itakuwa hivi, nikienda polisi itakuwa vile, nikirudi Nyarugusu na katekista itakuwa hivi. Akaniacha nimalize. "Na mwenyewe anasemaje?" Nani? "Mama Limi. Mmemuuliza anatakaje?"

Hatujamuuliza. Tulikwenda tukaongea juu ya kichwa chake, mimi na shangazi yake na mumewe, kama watu wanaouziana ng'ombe. Nilijisikia vibaya mno. Nimemtuma Mama Minza amuulize.

Ijumaa, 13 Juni

Jibu limekuja kupitia simu ya muuza samaki. Hataki polisi, kituo kimejaa marafiki wa mumewe. Hataki mimi nirudi. Anataka kitu kimoja tu, kitabu kisisimamishwe redioni. Waache wanaume waendelee kusikiliza.

Hakusema kwa nini. Sikuuliza. Nimejifunza walau hilo.

Nikampigia tena mtangazaji, nikamwomba asahau simu za jana. Alisema waandishi tuna matatizo. Nilikubali.

Jumanne, 17 Juni

Redio inasoma. Mama Minza hakaangi kitu, amekaa tu mbele ya jiko lililopoa. Mimi nimekaa naye. Hatujui tunasubiri siku gani. Kila simu ikilia tunashtuka. Insha nimemaliza, nimetoa alama za juu mno, sijali.

Nachukia kila neno linalotoka redioni. Na kila jioni naomba wasikatikiwe na umeme.

Jumamosi, 21 Juni

Baba Limi amepiga simu kwa Mama Minza. Matusi, mpaka mimi niliyasikia ng'ambo ya njia. Mke hayupo, mtoto hayupo. Alitoka jana mchana, mashine imezimwa, watu wamekaa juu ya viroba wanasikiliza sura ya mwisho. Na yeye mwenyewe akasema wazi aliko: Isaka. Amekodi gari na rafiki zake, wanazunguka kwenye maegesho ya malori, wanamuuliza kila dereva kama amempakia mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kuku mkononi.

Kuku! Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikawaza mbele. Atachoka na Isaka. Atakwenda Ushirombo. Mama Minza anasema akifika hapa kwake atamkuta, na karai la mafuta ya moto atalikuta.

Jumatatu, 23 Juni

Hajafika. Ushirombo amefika, akakuta nyumba ya mgonjwa imefungwa kufuli. Baba Kabula hatoki kwenda kazini. Anasema ana mafua. Anashinda mbele ya baraza na panga, anafyeka majani yaliyokwisha fyekwa.

Alhamisi, 26 Juni

Asubuhi baridi kidogo. Mama Minza alivuka njia mapema, kitenge kimefungwa vizuri, akaketi bila kukaribishwa. Wamefika. Limi anakula. Mama mgonjwa yuko pamoja nao, alimshika binti yake uso, wakakaa hivyo. Hakuna aliyewafuata.

Akanisimulia yote. Nani alimsaidia Mama Limi, walipita wapi, na alimwambia nini mumewe asubuhi ile hata yeye mwenyewe akampa Limi mikononi. Ni neno dogo la kila siku, wanawake wote wa hapa wanalisema na hakuna mwanaume anayelisikia. Nilimwomba alirudie. Ni zuri kuliko lile la kwangu.

Alipoondoka nilichukua kalamu kwa mazoea. Neno lile sikuliandika. Siliandiki hata hapa.