Shangazi Yangu Hajafa, Tulikwenda Ziwani

Jumatatu ya Pasaka, jioni. Mvua imetunyeshea njia nzima, na sasa imekatika tu tulipofika nyumbani Ngara mjini. Imebaki baridi na matope mlangoni. Begi la safari liko pale pale nilipolitupa na silifungui leo. Nina hasira, na hasira hii nataka kuiandika kabla haijapoa.

Nianze na hili: shangazi yangu ni mzima.

Shangazi Minza wa Biharamulo, dada yake baba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, yu hai. Anakula, anacheka, anagombana na majirani kuhusu mbuzi. Nalitanguliza kwa sababu kule Keza, kwa wakwe zangu, kuna watu ambao tangu Ijumaa Kuu walikuwa wanaiombea roho yake ipumzike kwa amani.

Aliyemuua ni mume wangu.

Safari hii tuliipanga tangu Krismasi, mimi na Baba Neema, wawili tu. Jumamosi tuondoke na gari letu, tupite Biharamulo, tushuke mpaka ziwani Nyamirembe, tulale huko. Jumapili tuifuate pwani ya ziwa polepole, tukiona pazuri tusimame, tule samaki, turudi Jumatatu. Mimi nimekulia Biharamulo, lakini ziwa nimelijua kwa dagaa wa sokoni. Kukaa ufukweni na mwanaume wangu bila kuwa na shughuli yoyote, sijawahi. Nikajishonea gauni. Mimi ni fundi cherehani, kila siku nawashonea wake za watu magauni ya kutokea, na hili lilikuwa langu, la njano, mgongo wazi kidogo.

Ijumaa Baba Neema akawapeleka watoto Keza kwa bibi yao. Ikabidi aseme tunakwenda wapi.

Sasa huyu ni bwana shamba. Anasimama mbele ya wakulima kijiji kizima akiwafundisha kupanda kahawa, haogopi mtu. Lakini sentensi moja ilimshinda mbele ya mama yake: nampeleka mke wangu kutembea. Kwao mtu haachi Pasaka na ibada akaenda kutazama maji. Na mwanaume akisafiri na mkewe lazima pawe na jambo. Mama akamuuliza, "Kuna nini huko Biharamulo?" Akajibu kuna msiba. Wa nani? Wa shangazi yake Mama Neema.

Jamani! Hata kama ni kudanganya, si angeua wa kwao?

Na mimi hakuniambia. Jumamosi asubuhi nimeshavaa gauni langu, nimepaka na mafuta ya kunukia, nasikia bodaboda inasimama nje. Natoka, namwona mama mkwe anashuka, kajifunga kanga mbili, ana mkungu wa ndizi, mfuko wa maharage na mkeka. Watoto kawaachia wifi yangu. Kabla sijamaliza kusema shikamoo akanikumbatia shingoni. "Pole mwanangu. Shangazi ametuacha."

Nilianguka. Nilikaa chini kwenye matope na gauni langu la njano, nikalia kama nilivyolia siku tuliyomzika mama. Majirani wakatoka. Mwenye nyumba ya pili akaja kunishika. Na Baba Neema amesimama pale kwenye gari, ufunguo mkononi, ananitazama.

Nilipochukua simu nipige Biharamulo, ndipo akasogea. Akanipokonya simu, akanishika mabega, akaniingiza ndani kama mume mwema. Karibu na mlango wa jikoni akaninong'oneza: "Nyamaza. Hajafa. Nitakueleza njiani."

Baadaye nilimuuliza kwa nini aliniacha nilie muda wote ule. Unajua alinijibu nini? Eti nilikuwa nalia vizuri, akaona akinikatisha mama atashtuka.

Najiuliza kwa nini sikupasua jipu pale pale. Ni kwa sababu ya yule mama. Alikuwa ametoka Keza alfajiri na baridi yake, amebeba maharage ya akiba yake, kwa ajili ya shangazi yangu ambaye walionana siku ya harusi yetu tu. Nikasema, aibu hii haitatoka kinywani mwangu. Mwanaye ataisema mwenyewe. Nikavua gauni, nikavaa kanga, nikaenda likizo yangu nikiwa nimevaa nguo za msiba.

Njia nzima mama anaimba nyimbo za mazishi. Nami kila akimaliza ubeti najifuta macho, maana machozi yalikuwa yanatoka kweli, ya hasira.

Tukasimama Lusahunga. Mama akabaki garini, sisi tukajidai tunanunua mayai ya kuchemsha upande wa malori. Nikamwambia, sema sasa hivi. Akakuna kichwa. Akasema tutamwambia mama kwamba wamezika jana. Wamezika nani, na mwenyewe ndiye atakayetukaribisha? Akafikiri tena. "Basi mpigie simu Shangazi, umwambie ajifiche kwa jirani."

Nilimtazama mwanaume huyu niliyezaa naye. Nikamwambia simpigii mtu simu. Umeua, nenda kazike. Msiba wa kujitakia hauambiwi pole.

Akapanda gari. Akaendesha mpaka Biharamulo.

Tulipofika, gari halijasimama vizuri mama mkwe keshafungua mlango. Akashika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia kwa sauti tangu njiani, kama desturi inavyotaka. Shangazi Minza alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Kusikia kilio, kuchungulia, kuona ni wakwe zangu wamefika wanalia, akajua mimi nimekufa. Naye akatupa gunzi, akaja mbio analia, "Mwanangu! Mwanangu wee!" Wakakutana katikati ya uwanja, wakakumbatiana, wakaanguka chini wote wawili, kila mmoja akimlilia mwenzake.

Kisha Shangazi akainua uso, akaniona nimesimama. Akaangalia huku na huku. Akauliza, "Sasa amekufa nani?"

Mama mkwe alimtazama usoni. "Wewe," akasema.

Hapo hakukuwa na pa kukimbilia. Tuliingia ndani tukakaa. Baba Neema akasema akitazama sakafu, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu, kwamba alikuwa ananipeleka kuona ziwa, akaona haya.

"Ziwa linaumwa?" mama yake akauliza.

Shangazi aliangua kicheko mpaka akaegemea ukuta. Mimi sikucheka. Nilimuuliza mume wangu mbele yao: haya ya nini? Mimi ni hawara? Ukienda na mimi msibani huoni haya, ukinipeleka hospitali kujifungua huoni haya, ila kunipeleka mahali nikafurahi ndiyo aibu, bora mtu afe? Nilijua mama mkwe atanigombeza kwa kumpandishia mwanaye sauti.

Hakugombeza. Alikuwa anakunjakunja ncha ya kanga. Halafu akasema polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe: "Mimi baba yako hajawahi kunipeleka mahali pasipo na maiti."

Akaiachia ile kanga, akanigeukia.

"Lipo mbali, hilo ziwa?" akauliza.

Shangazi tulimsihi aje, akakataa. Akasema marehemu hasafiri, sisi twende tu. Maharage aliyapokea.

Kwa hiyo tulikwenda watatu. Mama hajawahi kulala nyumba ya wageni, akaogopa kulala peke yake, basi nikalala naye kitanda kimoja na Baba Neema akalala chumba cha pili kama bachela. Jumapili tulifuata pwani na gari, na kila tuliposimama mama alishuka, akavua viatu, akaingia majini mpaka kwenye vifundo. Alikula sato mzima peke yake. Kusema kweli nilifurahi kumwona hivyo. Lakini gauni langu la njano lilikuwa na matope, na kila nilipotaka kumshika mume wangu mkono, mama yuko katikati.

Yote hayo ningeyasamehe, kama si ya leo.

Leo mchana tulimrudisha Keza na kuchukua watoto. Wanawake wa kikundi cha kuzikana walikuwa wamekaa uwanjani wanatungoja kutupa pole. Mkubwa wao akasimama, akamshika Baba Neema mkono: poleni sana na msiba.

Nikamwangalia. Nikasema moyoni, haya, sasa. Sema.

"Asanteni," akasema mume wangu. "Tumeshapoa."

Ebo! Damu ilinipanda. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Shangazi yangu ni mzima, hakufa. Mume wangu alinipeleka ziwani kustarehe."

Wanawake wakatazamana. Kisha mmoja wao akauliza, akitafuta pa kucheka, "Mlikwenda nyie wawili tu, kutazama maji?"

"Watatu," akasema mama mkwe. Aliketi nao, akanyoosha miguu. "Na mimi nitakwenda tena."

Tangu tutoke Keza, Baba Neema hasemi nami. Amesema mara moja tu, eti nimemwaibisha mbele ya watu, na nisiandike. Naandika. Aibu ni yake, mama yake ameiweka chini kabla yake.

Sikukuu ijayo akitaka nifuatane naye, ataanzia Keza. Atasimama mbele ya wanawake wale wale aseme: nampeleka mke wangu kutembea. Maneno manne. Mpaka siku atakapoweza kuyatamka, gari lake sipandi, hata kukiwa na msiba wa kweli.