Kikohozi Kilichoingojea Siro

Polandi, mwisho wa mwezi wa sita

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa magoti, kama ningepiga hapo mbele ya jiko lako. Umeamkaje? Mdogo wangu Mauwa ameamkaje? Na ziwa, limetulia, au bado linawarudisha wavuvi mikono mitupu? Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma humu, usiruke mstari.

Najua utauliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatiza. Nikikuuliza neno, unaniuliza kama nimekula. Karatasi haikatizwi. Funika chungu, kaa chini, soma.

Nianze na uongo wangu, ili nipate uso wa kukuuliza wako.

Ile picha ya Noeli, nimesimama kati ya wasichana wawili tunacheka, picha uliyoionyesha kanisa zima: wale wasichana siwajui. Walikuwa wanapita penye mti wa Noeli wenye taa, nikawaomba tupige picha. Wakakubali, wakacheka, wakaenda zao. Mimi nikarudi chumbani nikakuandikia, "Hawa ni rafiki zangu." Sina rafiki huku, Mama. Nina wanafunzi wenzangu wanaonisalimia darasani na kunisahau mlangoni. Hawana ubaya. Huku mtu anaweza kupanda ngazi pamoja nawe mwaka mzima asijue jina lako, na kwa desturi yao hajakukosea. Juma la Pasaka, wote walipokwenda kwao, nilikaa siku nne bila kutamka neno. Siku ya tano nilifungua mdomo dukani kuomba mkate, na sauti iliyotoka sikuitambua.

Aliyenitoa humo ni mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na kitu, Pani Halina. Hilo "Pani" ni heshima yao, kama sisi tunavyosema Mama. Hacheki ovyo. Lakini mwezi wa tano alinikuta jikoni nasikiliza sauti uliyonitumia, na mwisho wake ulikohoa.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mama yangu."

"Ana nini?"

"Anasema ni moshi. Anachoma samaki wa kuuza."

Akatazama nje, akavaa viatu. "Chukua kikapu."

Msitu unaanzia nyuma ya nyumba za mwisho. Nilisita pa kuingilia, akanigeukia. "Unaogopa nini? Kwenu Afrika si msitu mtupu?"

"Mimi ni mtoto wa ziwa, Pani. Ungenipeleka majini ungeona."

"Majini ungenizamisha. Njoo uchume."

Tulichuma ncha za msonobari, mti mrefu wenye majani kama sindano. Mwezi wa tano kila tawi linatoa vidole vipya, laini, vya kijani kibichi, vimevaa maganda membamba ya rangi ya kahawa. Vinanata mikononi mpaka ujisugue na mafuta ya kupikia. Na harufu yake, Mama! Unakumbuka ulivyokuwa unatufukiza na majani ya mkaratusi, mimi na Mauwa chini ya blanketi moja, tunalia, na wewe umekalia pindo tusitoke? Ni ndugu ya harufu ile, ila hii ina limau ndani yake. Niliinusa nikasimama palepale. Pani Halina alitangulia hatua kadhaa, akajifanya hanioni.

Kisha nikafanya kosa. Niliona kimti kifupi cha kunifika kifuani, na juu kabisa kilikuwa na ncha nene, nzuri kuliko zote. Nikanyoosha mkono. Alinipiga kofi mkononi, kofi kweli.

"Hiyo hapana! Hiyo ya juu ndiyo mti wenyewe. Ukiivunja, mti haujui tena njia ya kupanda. Chukua za pembeni, moja hapa, moja pale, kisha nenda kwenye mti mwingine."

Tangu nifike nchi hii, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa mkono zaidi ya kusalimiana. Nilifurahi kupigwa, Mama. Usicheke.

Nyumbani tulizikatakata, tukazipanga katika chupa kubwa ya mdomo mpana: safu ya ncha, safu ya sukari, mpaka shingoni. Hakuna maji, hakuna moto. Tukafunga mdomo kwa kitambaa, tukaiweka kwenye dirisha la jua. Sukari inazivuta maji yake pole pole, wiki baada ya wiki. Ndiyo siro yao, dawa tamu ya kikohozi. Pani alifundishwa na mama yake, ambaye alifundishwa na wake. Nilipokusimulia ulinijibu, "Sasa wazungu njo wanakula miti? Kesho watakulisha na mbao." Nilimtafsiria Pani. Alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie.

Nilikuambia hiyo siro ni yako. Basi chupa ile ikawa kazi yangu. Kila asubuhi naigeuza, sukari isilale chini, na kabla ya kuigeuza naisalimu: "Umeamkaje?" Ndilo neno la kwanza la siku yangu, na siku nyingine ndilo neno pekee la Kiswahili linalopita mdomoni mwangu. Naiangalia maji yanavyopanda, ncha zinavyoacha ukijani na kuwa rangi ya chai. Nikishaigeuza, nasikiliza sauti zako.

Na hapo ndipo nilipokukamata.

Zamani ulinitumia sauti moja ndefu, ya kunitosha kunywa chai yote. Tangu uliposikia habari ya siro, zinakuja vipande, vitano, sita, na kila kipande kinakatika kabla neno halijaisha. "Mutoto wangu, leo tumepata samaki, mikebuka mi..." Kimya. Kisha kipande kingine, na pumzi imekupungua: "...mizuri sana." Nilidhani ni rezo mbaya ya simu. Nikazirudia zote, siku nzima, nimekaa chini ya dirisha. Rezo haichagui pa kukatia, Mama. Wewe unachagua. Unaachia kidole kwenye simu kabla kikohozi hakijatoka. Mara moja tu ulichelewa, nikamsikia Mauwa nyuma yako: "Mama, tena? Kunywa maji." Nawe ukamwambia, "Nyamaza, Yaya wako atasikia."

Usimkaripie Mauwa. Yaya, dada yake mkubwa, amesikia.

Jumapili iliyopita siro iliiva. Tuliichuja kwa kitambaa, tukazikamua zile ncha mpaka zikawa kama kamba. Ilitoka nzito, ya rangi ya asali. Pani alinionjesha kijiko, nikafumba macho. Akiwa anajaza chupa ndogo yako akauliza, "Mama yako anaendeleaje?"

"Bado anakohoa."

Akasimamisha mkono. "Kikohozi kilekile? Cha siku ile?"

"Kilekile."

"Tangu ncha zikiwa bado mtini?"

Nikaitikia kwa kichwa. Aliweka chini chupa, akafuta vidole kimoja kimoja. "Basi hii si dawa yake," akasema. "Hii ni ya kikohozi cha juma moja, mawili. Kikohozi kilichoingojea siro mpaka ikaiva, hicho ni cha daktari."

Kila asubuhi nilikuwa naigeuza chupa nikidhani nakutibu, Mama. Kumbe nilikuwa nahesabu siku za ugonjwa wako, na sikujua kwamba nahesabu.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa Lubumbashi kwa Mjomba, nikijiandaa kwa egzamen ya Leta, ule mtihani wa serikali, mliniambia Papa ana baridi ya ziwa. Nilimaliza mtihani wa mwisho siku ya Alhamisi. Ijumaa Mjomba alinivutia kiti, akaniambia nikae, na kabla hajasema lingine nikajua. Papa alikuwa ameshazikwa tangu wiki mbili nyuma. Mlifanya hivyo kwa kunipenda, najua. Kwetu mtu aliye kwenye masomo habebeshwi habari mbaya. Lakini diploma nilipata, na baba yangu sikumzika. Usinifanyie hivyo mara ya pili.

Najua pia unachoogopa, na si sindano. Unaogopa kuonekana kwenye mstari wa wanaokohoa, kesho soko zima liseme mikebuka yako ina kifua kikuu, na minerval, karo ya shule ya Mauwa, inatoka kwenye mikebuka hiyo. Basi nenda alfajiri, jifunike kikwembe, Mauwa akae kwenye meza yako ya sokoni siku hiyo. Wakisema ni kifua kikuu, dawa yake haiuzwi, inatolewa, na watu wanapona. Wakisema ni moshi, utakuwa umenishinda, nami nitakuomba msamaha Mauwa akisikia.

Barua hii umeletewa na Mama Sifa wa Lubuye, aliyekuja huku kumwona mtoto wake. Siro hakukupa, na si kwamba ameisahau. Iko nyumbani kwake. Nimemwapisha: atakupa siku utakapomwonyesha karatasi ya hospitali kwamba wamekupima kifua na makohozi. Usimbembeleze, wala usimpelekee samaki. Nimemwonya kuhusu samaki.

Nisalimie Mauwa, mwambie Yaya wake anamshukuru kwa ile sauti ya nyuma. Nisalimie Mjomba akipiga simu kutoka Lubumbashi. Sina kinyongo naye, yeye alitumwa tu. Nisalimie Bi Salima, jirani yetu wa ukuta mmoja, umwambie sambusa zake za Idi naziota. Na Pani Halina anakusalimu. Anauliza samaki wanachomwa kwa kuni gani. Anataka kujaribu.

Usinijibu kwa barua. Ukitoka hospitali nitumie sauti, moja tu, ndefu kama za zamani. Kikohozi kikija, usiachie kidole. Kohoa, nisikie, kisha uendelee kunisimulia.

Mimi mwanao asiyetaka kufichwa,

Feza