Jina la Manowari Si Ruksa

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute huko Kilwa magoti yamepunguza kelele. Mimi mdogo wako mzima, ila nimevimba kwa hasira hata kofia hainitoshi.

Unajua siku hizi kila kitu ruksa. Sabuni ruksa, redio ruksa, suruali za mitumba, kafa-Ulaya, zimejaa soko la Mchikichini. Nami nikaenda kukikatia leseni kibanda changu cha kutengeneza majiko. Nikajaza fomu: Saidi Omari Manowari.

Karani, binti mwenye kucha nyekundu, akanitazama. "Mzee, manowari si meli ya vita? Una meli?"

Ningemweleza vizuri yasingefika huku. Ningesema babu yetu alikuwa akipakia makaa Unguja kwenye manowari ya Mwingereza, ile ya zamani iliyovikwa chuma ubavuni, akateleza akaigonga kwa kipaji cha uso. Wenzake badala ya kumtazama yeye, wakachungulia kama chuma kimebonyea! Jina likamganda siku hiyohiyo. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikajibu, "Ninayo, mwanangu. Nimeiegesha bondeni Jangwani, nasubiri mafuriko ya masika."

Dada, akaandika! Leseni imetoka: Saidi Omari. Chombo: manowari. Mahali: Jangwani. Nilipokwenda kulalamika, mkubwa wake akataka kibali cha bandari, ama nisaini kwamba Manowari si jina langu. La sivyo, mwisho wa mwezi mgambo wanavunja kibanda.

Nisaini nini? Babu alilitolea damu jina lile!

Jirani yangu Bhai, Mhindi wa duka la vitambaa, akanishauri, "Saini tu, mzee. Jina kitu gani?" Nikamwonyesha juu ya mlango wake, jina la babu yake kwa rangi ya dhahabu. "Basi panda ngazi ulifute, nami nasaini." Jioni akaniletea kopo la rangi ileile, na brashi.

Sasa fungua sanduku la mama, utoe cheti cha ndoa cha babu. Kimeandikwa Juma Manowari. Mpe dereva wa basi huyuhuyu aliyekuletea barua.

Nisalimie shemeji, na mpwa wangu fundi cherehani. Wanao wote wenye vipaji vipana waambie wasivifiche chini ya kofia, ndiyo leseni yetu.

Cheti kisipowahi, mgambo watanikuta ndani. Nimeshaandika ubavuni mwa kibanda, herufi kubwa, MANOWARI. Waje waigonge kwa vipaji vyao, tuone nani atabonyea.

Mdogo wako mkorofi,
Saidi Omari Manowari