Jina la Mwalimu Wanyama Kwenye Kila Mstari

KITUO CHA POLISI, FAZA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Afra Hamdun
Umri: Miaka 23
Elimu: Kidato cha pili, na mafunzo ya kompyuta
Kazi: Msaidizi wa kompyuta, kikundi cha Boti Salama
Makazi: Faza, nyumbani kwa baba mkwe
Tarehe: 17 Juni 2025

Nimekuja kwa hiari yangu, pamoja na mwanangu Aaliya kwa kuwa bado ananyonya. Nimekuja kwa sababu Mwalimu Wanyama amelala mahabusu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Kikundi chetu kina mfumo wa kukata viti vya boti kwa simu, kutoka Faza kwenda mjini Amu. Umeandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. Tunaouandika ni watatu: Mwalimu Wanyama, aliyenifundisha kazi hii na kwao ni bara, shemeji yangu Fahmi, mdogo wake mume wangu, na mimi. Mwenyekiti ni baba mkwe wangu, Bwana Abdulhalim. Yeye ndiye mlalamishi.

Mnamo Jumatano tarehe 11, Fahmi aliongeza sehemu mpya ya kuweka kando viti viwili kila Jumatatu, vya mama wajawazito wanaokwenda kliniki. Aliiandika peke yake, ikaanza kutumika.

Mnamo Alhamisi tarehe 12, mwendo wa saa nne asubuhi, Mwalimu na mimi tulikuwa ofisini. Tuna programu mbili za kutusaidia. Fomata hunyoosha maandishi tu, nafasi na alama za kunukuu, yapendeze. Linta hukagua makosa na kuyapigia mstari mwekundu. Zilikuwa hazipatani. Fomata ikiweka alama mbili za kunukuu, linta yataka moja. Skrini ilikuwa nyekundu juu hadi chini, nasi tulishazoea kutouangalia ule wekundu.

Mwalimu akasema, "Mama Aaliya, hawa ni wake wenza. Kila mmoja apewe jiko lake."

Nikamwambia, "Wewe hata mmoja huna, wajuaje?" Akacheka sana.

Akaiambia linta iachane na mambo ya sura, hayo yawe ya fomata, yenyewe ibaki na makosa ya kweli. Kisha akaipitisha fomata kwenye mafaili yote kwa mpigo mmoja. Wekundu ukaondoka. Ukabaki mstari mmoja tu, kwenye sehemu ile ya viti vya kliniki.

Niliuona mimi mwenyewe. Ulikuwa na alama moja ya sawasawa pale palipotakiwa tatu. Tatu zinauliza, kiti hiki si cha kliniki? Moja haiulizi, inaamuru kiti kisiwe cha kliniki. Kwetu aliyeandika ndiye anayesahihisha, tunaona ni adabu. Mwalimu akampigia Fahmi, nami nasikia. Fahmi alikuwa Mkokoni harusini. Akasema, "Mwalimu, usiniguzie kazi yangu. Jumamosi narudi, nitaitengeneza." Mwalimu akasema sawa. Natamani siku ile tungekosa adabu.

Jumamosi Fahmi alirudi. Sikumuuliza, nikadhani ameshatengeneza.

Jioni ya Alhamisi ile, nikiwaandalia baba na mama mkwe chakula nyumbani, nilikuwa nimesema, "Yeo Mwalimu amefagia mfumo mzima, kila mstari una jina lake." Mfumo huonyesha kando ya kila mstari jina la aliyeugusa mwisho, hata kama amesogeza nafasi tu. Hilo sikulieleza. Nilikuwa namsifu.

Mnamo Jumatatu tarehe 16, boti ya asubuhi, viti vya kliniki vilikuwa vimekatwa na abiria wengine. Nahodha akakataa kuzidisha watu. Bi Kadija wa Pate, mwenye mimba ya miezi minane na presha, aliachwa gatini. Alipata boti saa sita, na hospitalini Amu akapasuliwa kumtoa mtoto siku hiyo hiyo. Yeye yuko salama. Mtoto yuko kwenye mashine. Nilipoambiwa nilimkumbatia Aaliya mpaka akalia.

Baba mkwe alifungua kompyuta akaniita nije niangalie. "Ndoo uone kwa mato yako. Mstari huu una jina la nani?"

Nikasema, "La Mwalimu, baba, lakini..."

"Basi. Wewe mwenyewe ulisema kila mstari."

Fahmi alikuwa mlangoni, anasikia. Askari walipomchukua Mwalimu, alipita mbele yangu akaniambia, "Usimweke mtoto juani."

Sisemi Fahmi alikusudia. Ni kosa la mkono, hata mimi hulifanya. Yeye ndiye anibebeaye mwanangu nikipika. Leo asubuhi mama mkwe ameniambia, "Ukienda huko, kumbuka unalala nyumba ya nani." Nimekumbuka, na nimekuja. Naomba Mwalimu aachiliwe. Natumaini mtoto wa Bi Kadija atakua, Inshallah, na sisi watatu tutaketi tena meza moja.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: Afra Hamdun

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Kagendo, kama shahidi alivyoyatamka. Tulisimama mara moja anyonyeshe. Nimemsomea, ameyakubali, ametia sahihi mbele yangu. Wanyama bado yuko mahabusu. Mkuu wa kituo amejulishwa. Kabla shahidi hajaondoka, Fahmi Abdulhalim alifika kaunta peke yake, akaomba naye aandikiwe maelezo. Shahidi alisogea kwenye benchi akamwambia, "Keti, shemeji." Amemkabidhi mtoto ambebe wakingoja zamu.