Pete ya Kufungia Punda

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku tu wazima, na mjomba wako amevuka ziwa hadi Kamanga kufuata muhogo.

Umeuliza ukija uone nini pale boma la zamani la wakoloni. Watakuonyesha kisima na makaburi ya Wazungu. Wewe zunguka ukuta wa nyuma, kuna pete ya chuma. Baba yangu alikuwa tarishi pale. Siku moja nilimpelekea chakula, nikamuuliza pete ni ya nini. Akaipa mgongo, akasema, "Ya kufungia punda." Sikuuliza tena.

Ila punda sikuwahi kumwona pale, na pete nilijinyoosha nisiifikie. Ukifika, egemea ule ukuta, inua mikono. Kisha uniambie ni punda gani alikuwa mrefu hivyo.

Bibi yako, Mabatini